Vioo vya Mjomba Zambarau

Mjomba wangu alikuwa na jina zuri tu alilopewa na wazazi wake, ila hakuna aliyelitumia. Sote tulimwita Zambarau, kwa sababu ya vidole vyake. Rangi aliyoitumia kazini iliingia kwenye kucha na kwenye mikunjo ya ngozi, na sabuni haikufua dafu. Akishika kikombe cha chai, kidole chake kilionekana kama cha mtu aliyetoka kupiga kura, na Baba hakuchoka kumtania: "Shemeji, leo umempigia nani?" Mjomba alicheka kila mara kana kwamba ndiyo kwanza ausikie utani huo. Ningekuwa mimi ningemmwagia chai.

Alikuwa fundi wa maabara katika chuo kilichokuwa mwendo wa basi moja kutoka kwetu. Kazi yake ilikuwa kuzipaka rangi seli zilizowekwa juu ya vipande vyembamba vya kioo, kuziangalia kwa hadubini, na kuzihesabu. Alihesabu tangu asubuhi mpaka macho yamwume, huku mkononi akibonyeza kidude cha chuma kilichomwekea hesabu, tiki, tiki, tiki. Jumapili akija kwetu kidole gumba kiliendelea kubonyeza hewa, hata alipokuwa katikati ya habari za mpira.

Mama, dada yake wa kwanza kuzaliwa, alikuwa fundi pia, ila wa nguo. Chumba chetu cha mbele ndicho kilichokuwa karakana yake: meza ya kukatia, pasi ya mkaa, kopo la vifungo, na cherehani ya miguu iliyonguruma hata redio ikasalimu amri. Mpaka leo nikisikia harufu ya mafuta ya mashine popote pale, moyo unanirudi kwenye chumba kile. Nyumba yenyewe imeshauzwa. Walioinunua wamebomoa ukuta wa mbele wakaweka duka la simu, na nilipopita hapo mwaka jana nilisimama barabarani nikalia kama mtoto, watu wananitazama.

Wazazi wao walifariki mapema, na Mama, akiwa msichana tu, ndiye aliyemlea mdogo wake. Sare zake zote za shule zilitoka kwenye ile cherehani, zenye pindo refu ili zishushwe kadiri alivyorefuka. Hata alipokuwa mtu mzima mwenye kazi yake, makoti yake meupe ya maabara yalishonwa na Mama, na hakuwahi kuvaa ya dukani. Kwa hiyo muelewe kwamba wale hawakuwa ndugu wa kupigiana simu sikukuu tu. Walikuwa kitu kimoja, na ndiyo maana kilichotokea kiliuma vile.

Maradhi ya Mama yalianza kama mchezo. Alijikuna shingoni siku moja, kesho yake mikononi, kisha mabaka mekundu yaliyovimba yakawa yanamtembea mwilini, yanapotea hapa yanatokea pale. Siku mbaya midomo ilimvimba hata maneno yakatoka kwa shida. Sasa kushona na mikono inayowasha ni adhabu. Alikuwa akiacha mshono katikati, anaitumbukiza mikono kwenye beseni la maji baridi, anaifuta, anarudi kwenye cherehani. Daktari wa zahanati alisema ni aleji isiyojulikana chanzo chake, akampa vidonge. Vilimsaidia kidogo na kumsinzisha sana, na fundi anayesinzia mbele ya sindano ya cherehani anajitafutia balaa. Akaacha mayai, akaacha samaki, akabadili sabuni, akatupa mto wake wa sufi alioupenda. Mfa maji haachi kutapatapa. Mabaka hayakujali hata kimoja.

Ndipo tukasikia kwamba kule maabara kwa Mjomba wanafanya utafiti wa bangi na aleji. Hatukusikia kutoka kwake, maana yeye na maneno walikuwa mbalimbali. Tulisikia kutoka kwa jirani yetu tuliyemwita Mama Redio, kwa kuwa alitangaza siku nzima bila betri. Alimjia Mama mbio, kitenge kinamdondoka. "Wewe unajikuna humu ndani, kumbe mdogo wako anakalia dawa!"

Jumapili ile Mjomba hakupewa hata nafasi ya kuvua viatu. Mama alimwekea chai mbele, akakaa kuelekeana naye, akasema, "Haya. Bangi."

Baba alikohoa kwa kicheko. Mjomba alikuna kichwa, akatazama huku na huku, kisha akaomba kile kifuko kidogo cha kitambaa Mama alichowekea vifungo vya mashati. Akakijaza vifungo mpaka kikatuna, akakishika juu ya meza.

"Dada, chini ya ngozi yako, kando ya vimishipa vya damu, kuna seli zimejaa hivi. Ndani yake kuna punje, na ndani ya punje kuna vitu vikali, kimojawapo kinaitwa histamini. Seli hizi ni walinzi. Tatizo kuna watu walinzi wao wana hasira. Kikipita kitu kidogo tu, vumbi, chavua, wakati mwingine hata hatujui nini, wanafanya hivi." Akakigeuza kifuko. Vifungo vikatawanyika mezani, vikadondoka sakafuni, vikabingirika mpaka chini ya kabati. "Hicho ndicho kinachokuvimbisha na kukuwasha."

"Utaviokota wewe," Mama akasema. "Na bangi je?"

"Juu ya seli hizo kuna vipokezi. Vichukulie kama matundu ya vifungo. Mwili wenyewe unatengeneza vifungo vyake vya kuingia humo. Sasa ndani ya bangi kuna vitu vinaitwa kanabinoidi, navyo vinaingia matundu hayohayo. Tunachouliza sisi ni kimoja tu: kikiingia, huyu mlinzi anatulia au hatulii?"

"Akitulia, mimi napona."

"Sijasema hivyo, Dada."

"Ndivyo nilivyosikia."

Ninamkumbuka Mjomba akiwa amepiga magoti anaokota vifungo, na Mama akiwa amekaa wima na uso ambao sikuwa nimeuona kwa muda mrefu, uso wa mtu aliyefunguliwa dirisha. Mimi pia nilifurahi, msinione mwerevu. Nilitaka mama yangu apone, basi.

Tangu siku hiyo kila Jumapili ilikuwa vita. Mama alitaka kijichupa, kijichupa kidogo tu, hata tone. Mjomba alisema mafuta ya bangi yamefungiwa kwenye friji yenye kufuli, na hata kama yangekuwa wazi asingemletea. Walikuwa wanayatonesha kwenye seli zilizotolewa tumboni mwa panya, na seli iliyo kwenye sahani haina moyo, haina ini, haina kazi ya kwenda kesho. Tena kuna watu, alisema, ambao hiyohiyo bangi ndiyo inayowaletea aleji.

"Mgonjwa haulizwi uji," Mama akamwambia. "Nawe kila siku unanihubiria panya."

"Dada, nakuogopea."

"Cherehani hii ndiyo iliyokusomesha. Leo nakuomba tone moja unaninyima. Kweli asante ya punda ni mateke."

Mjomba aliinama akanywa chai yake iliyokwisha poa. Nilimkasirikia Mama kwa neno lile, na nilimkasirikia Mjomba kwa kunyamaza. Mimi sina subira na watu wanaopima maneno kama dhahabu. Mtu akipigwa na apige kelele.

Siku chache baadaye Mama alinituma nimpelekee koti jipya kazini, maana hata kwenye vita vile makoti hayakukoma. Ndiyo mara yangu ya kwanza kuiona maabara yake. Nilitarajia mitambo ya ajabu. Nilikuta chumba chenye madirisha yaliyojaa vumbi, sinki lenye madoa ya zambarau, na kiti kilichofungwa mguu kwa kamba. Chumba cha nyuma kilinuka maranda ya panya. Mjomba alinipisha nikaketi, akanifundisha kufumba jicho moja, nikachungulia kwenye hadubini. Niliziona. Baadhi zilikuwa zimejaa, za zambarau iliyokolea, zimetulia kabisa. Nyingine zilikuwa zimepasuka, na punje zimezizunguka kama ufuta uliomwagika. Nikafikiri, hawa ndio wanaomtesa Mama, na nikatamani kuwaponda na kioo chao.

"Kuna jambo nimefanya," Mjomba akasema nyuma yangu. Akalieleza kwa sauti ya chini, ingawa chumbani tulikuwa wawili tu. Kioo cha seli zilizotiwa dawa kilikuwa na lebo, na kile cha zisizotiwa kilikuwa na lebo. Sasa kuna seli zilizomwaga nusu, hazijatulia, hazijapasuka. Kwenye vioo vya dawa alikuwa akizihesabu kuwa zimetulia. Kwenye vioo visivyo na dawa, seli za namna ileile, alizihesabu kuwa zimepasuka. Hakukusudia. Profesa wake, mama mmoja mfupi mpole, aliporudia kuhesabu baadhi ya vioo, hesabu zao hazikukutana.

"Si kwamba sijui kuhesabu," akasema. "Jicho langu lilikuwa linamhurumia dada."

Alikwenda mwenyewe kwa Profesa akamweleza kwa nini. Kazi yote ikaanza upya. Safari hii Profesa alifunika kila lebo kwa kipande cha plasta kabla kioo hakijamfikia Mjomba, na hakuna ambaye angebandua mpaka kioo cha mwisho kihesabiwe. Mjomba akawa anahesabu asichokijua. Nilimuuliza kama si mateso hayo. Akasema usingizi umemrudi.

Jumapili iliyofuata alimweleza Mama habari hiyo yote ya jicho na plasta mbele yetu sote, akamalizia: "Siku plasta zitakapobanduliwa nitakuja kukwambia, liwe zuri liwe baya. Nitakwambia lilivyo." Mama akaridhika, au akajifanya. Lakini nilimjua mama yangu. Alianza kupokea kazi alizokuwa akizikataa. Alikubali kushona sare za kwaya nzima, akasema kufikia siku ya kuzishona mikono itakuwa imepona. Akaanza kuruka vidonge vya zahanati, eti vinamsinzisha na siku za kuvinywa zimekaribia kuisha. Alikuwa akiimba, na Mama alikuwa haimbi tangu maradhi yaanze. Jamani, sauti ile. Ningelipa chochote niisikie tena ikichanganyika na cherehani.

Mjomba alikuja katikati ya wiki, mchana, akiwa bado na koti la kazi. Tulijua kabla hajakaa. Mama alizima redio.

"Tumebandua," akasema.

"Sema."

"Dawa ikiwa kidogo, seli zinatulia. Si zote, lakini nyingi. Hilo ni kweli, nimelihesabu bila kujua."

Mama alifumba macho.

"Ikizidi, zinapasuka zenyewe. Hata bila kuchokozwa na kitu. Na tulipojaribu aina nyingine ya hizo kanabinoidi, hakuna kilichobadilika, si kutulia si kupasuka. Hatujui kidogo ni kiasi gani kwa mtu. Hatujui kama seli za ngozi yako zitafanya kama za tumbo la panya. Inaweza kuwa dawa ya watu baadaye, miaka huko. Kwako, sasa hivi, hapana, Dada."

Mkaa ulipasuka ndani ya pasi. Mikono ya Mama ilikuwa na mabaka siku ile, na aliitazama kana kwamba ni ya mtu mwingine.

"Ungenidanganya kidogo tu," akasema. "Ungesema inakuja."

"Ungeacha vidonge. Umeshaanza kuviacha, naona. Siku koo likivimba kama midomo, ningekuzika mimi."

"Msema kweli mpenzi wa Mungu," Mama akasema, akainuka. "Basi nenda kanywe chai kwa Mungu."

Mjomba akaenda. Mimi nilimfuata mpaka mlangoni nikamwambia maneno ambayo sitayaandika hapa. Nilimwona mtu asiye na moyo, mtu aliyeshindwa kumpa mwanamke aliyemlea hata wiki chache za furaha. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Muangalie anywe vidonge," akashika njia ya kituo cha basi.

Miezi ilipita bila Jumapili zetu. Baba alikosa wa kumtania akawa anatania paka. Mama alimaliza sare za kwaya akiwa na beseni la maji pembeni, akilia kwa hasira wakati mwingine, ila vidonge alivinywa. Nilimsimamia kama askari. Baadaye kliniki ya ngozi ilimpa aina nyingine isiyosinzisha, na hiyo ikamfaa. Kisha, pole pole, mabaka yakaanza kukawia. Mwezi bila baka. Msimu mzima. Yakaondoka kama yalivyokuja, bila kuaga. Mama Redio alitangaza mtaa mzima kuwa ni sabuni aliyomshauri yeye.

Na hata hapo Mama hakumwita mdogo wake. Kiburi kile, sijui alikirithi wapi. Mimi ninacho kidogo. Kilichomshinda ni koti. Tulikuwa sokoni, tukamwona Mjomba kwa mbali, anachagua nyanya, amevaa koti la kazi ambalo mfuko wake umening'inia, ameushikiza kwa pini. Koti lile la mwisho lililoshonwa na Mama. Hakuwa amenunua jingine, wala hakumpelekea fundi mwingine alitie hata mshono mmoja. Mama alisimama kati ya watu na kikapu chake. "Mtu mzima na pini," akasema. Alikata kitambaa jioni ileile, akashona makoti mawili, akanituma mimi nimpelekee pamoja na neno moja: chai ipo.

Alikuja Jumapili. Baba alimuuliza amempigia nani, Mjomba akacheka kana kwamba ndiyo kwanza ausikie. Mama alimkunjulia mikono yake isiyo na baka, laini, akamwuliza, "Haya, mwenye hadubini. Kwa nini yameondoka?"

"Sijui, Dada."

"Hujui?"

"Sijui. Mara nyingi huwa yanaondoka yenyewe. Hakuna anayejua vizuri kwa nini."

Mama aliangua kicheko mpaka akajishika kiuno. Sikuelewa kinachochekesha. Mimi nilidhani angalau angesema ni vile vidonge.

Tulipata miaka mingi mizuri baada ya hapo, Jumapili juu ya Jumapili, mpaka Baba akatangulia, na Mjomba akastaafu kwa kuwa macho hayakumruhusu tena. Nimeshasahau mengi tuliyoyaongea kwenye meza ile. Nakumbuka tu kwamba hakuna aliyekuwa na haraka ya kuondoka.

Kisha Mama akalazwa. Safari hii haikuwa ngozi. Lilikuwa ini, na lilikuwa limekwenda mbali. Daktari alituita sisi watoto kwenye korido akatuambia. Tukakubaliana, na mimi ndiye niliyesisitiza kuliko wote, kwamba Mama asiambiwe. Tukawa tunaingia wodini na tabasamu. Mama, wiki ijayo utakuwa nyumbani. Mama, unaonekana vizuri leo. Mama, tumekupakia rangi chumba chako. Yeye alitusikiliza, akageukia ukutani, na hakulala. Wauguzi walisema anakesha macho wazi, kila siku.

Siku moja, saa za kuona wagonjwa, akasema, "Niitieni mdogo wangu."

Nilimjua Mjomba. Nilimkamata mkono kwenye ngazi nikamwambia, "Mjomba, tafadhali. Tumekubaliana." Alinipapasa bega, kwanza akaenda kwa daktari, akakaa huko kitambo, kisha akaingia wodini. Mimi nilibaki mlangoni na hasira zangu.

"Hawa wananipaka mafuta kwa mgongo wa chupa," Mama akamwambia. "Niambie wewe."

Mjomba alivuta kiti, akakaa, akamshika mkono.

"Hutatoka hapa, Dada."

"Umeuliza au unakisia?"

"Nimemuuliza daktari. Nikamuuliza tena."

"Na wewe unataka iweje?"

Kidevu kilimcheza Mjomba. "Nataka urudi nyumbani," akasema.

"Basi ni kweli," Mama akasema. "Safari hii jicho halikunihurumia."

Alishusha pumzi ndefu, mabega yakalegea kwenye mto, na uso wake ukawa wa mama yangu tena. Akageuka akaniona pale mlangoni nimenuna, mimi mtu mzima mwenye watoto wangu.

"Na wewe njoo," akasema. "Umechoka kucheka."

Nikaenda nikapiga magoti kando ya kitanda. Tangu alazwe sikuwa nimelia mbele yake hata siku moja. Nilikuwa nikilia chooni, kwenye basi, kwenye korido. Mchana ule tulilia wote watatu, waziwazi, wagonjwa wengine wanatutazama, na yeye ndiye aliyetubembeleza.